Chumba cha Kimya Nilichowajengea Wapima-Masikio

Chumba chenye kimya kuliko vyote Bukavu nilikijenga mimi. Leo kimejaa mifuko ya saruji na mabati, na ule mulango wake munene ninaufunga kwa waya tu, kwa sababu kufuli nilishaipeleka kwingine. Lakini kama kuna fundi wa kubisha, aje mutaa wa Muhumba, aingie, ajifungie, kisha aniambie kama amesikia hata jogoo wa jirani. Hatasikia. Atasikia damu yake ikitembea kichwani. Na kama aliwahi kukaa karibu na mortie, ule muzinga wa jeshi, atasikia na kingine, na juu ya hicho kingine ndiyo nataka kusema.

Shule niliiacha darasa la tatu la msingi. Sioni haya. Wale niliokaa nao dawati moja, waliosoma mpaka wakapata diplome, leo wengine ni wapangaji wangu, na wakiniona kwenye ngazi wanavua kofia. Mimi nilianza kwa kubeba mbao mugongoni kutoka bandarini kupanda Kadutu. Kisha nikauza mbao za wengine, kisha zangu, kisha nikajenga. Bukavu udongo unakimbia kila mvua, nyumba za watu zinashuka mulima na vitanda ndani. Zangu hazijashuka. Uliza mutu yeyote Panzi, uliza Nguba.

Katikati ya shule na mbao kuna jeshi. Hapo sina mengi ya kujisifia. Mortie ina bomba, ina miguu, na ina sahani ya chuma inayolala chini ili bomba lisizame ardhini likipiga. Mubeba sahani ni mimi. Aliyeangusha makombora ndani ya bomba ni rafiki yangu, mutu wa kijiji cha Miti, murefu, mwenye mikono kama makasia. Tulizunguka bonde la Ruzizi, Kamanyola mpaka Sange na kurudi, na hakuna aliyetupa kitu cha kuziba masikio. Tulijaza nyuzi za mugomba. Mukubwa wetu alitufundisha jambo moja tu: kombora likishuka ndani ya bomba, fungua mudomo wazi, upepo upite, la sivyo sikio litapasuka. Tukawa tunafungua mudomo kama vifaranga. Na kwa sababu baada ya mapigo machache hakuna aliyesikia tena amri, tulisema kwa mikono. Mbele. Nyuma. Kushoto. Kulia. Piga. Simama. Lugha nzima ilikuwa ni hiyo.

Nilipotoka jeshini nilitoka na miguu miwili na mikono miwili, nikashukuru. Lakini ndani ya kichwa changu, upande wa kushoto, kuna meule, ile mashini ya jiwe la kuzunguka, inakata chuma. Fundi yeyote anaijua sauti ile, kali, nyembamba, haipandi haishuki. Inakata usiku na muchana, na chuma hakiishi. Sikumuambia mutu. Mwenye nyumba haelezi wapangaji habari za masikio yake. Na Bukavu yenyewe ilinisaidia: jenereta, pikipiki, makanisa yanayoshindana kwa maspika, mwenye bari kule chini na miziki yake. Kelele ya muji ilikuwa ndiyo dawa yangu, na niliinywa bure.

Basi siku moja akaja daktari. Mwanamuke, mutoto wa nchi hii, mutu wa Kisangani, aliyesomea masikio Ulaya. Alikuwa ametumwa pamoja na watu wa huko wanaotafuta kujua vita vinafanya nini ndani ya masikio ya askari wa zamani. Alitaka nyumba ya kukodi.

“Papa, natafuta nyumba yenye kimya,” akasema.

“Maman Docta, kimya Bukavu? Umepotea njia. Labda ushuke chini ya ziwa, ukae na samaki wa sambaza.”

Alicheka. “Nimeanza hospitali, nimekuta jenereta. Nimeenda kwa masista, wana kengele na kuku.”

“Kama kimya hakipo, nitakitengeneza.”

Wengine wangesema tutaona. Mimi nilisema nitakitengeneza, na nilikitengeneza. Nilichukua sebule ya nyumba yangu ya Muhumba nikajenga chumba ndani ya chumba. Sakafu yake haigusi sakafu ya nyumba, imekaa juu ya vipande vya tairi za lori. Kuta ni mbao mbili mbili, na katikati nilishindilia pumba za mbao, ambazo ninazo za kumwaga. Ndani nikavisha blanketi na magodoro. Mulango niliufanya kama wa friji ya muuza nyama. Upande mumoja nikaacha kidirisha cha vioo viwili, ili mupimaji aone anayepimwa. Docta alikuwa anakuja kila siku kutazama, anakunywa chai amesimama.

Ni katika chai hizo ndipo aliniambia kwa nini anafanya kazi hii. Baba yake alikuwa askari. Mezani alikuwa anapiga kelele: nini, unasema nini, rudia. Watoto walikula wakitetemeka, wakidhani baba anakasirika. Waliacha kumusemesha. Alikufa hivyo, na watoto waliokaa kimya mbele yake.

“Mwaka wa kwanza wa kusomea masikio ndiyo nilielewa,” akasema. “Baba alikuwa hakasiriki, Papa. Alikuwa hasikii.”

Kisha akaomba sukari nyingine. Alikuwa mutu wa namna hiyo, anasema kitu kizito, halafu anaomba sukari.

Aliyeshika mashini yenyewe alikuwa mwingine, infirmie, muuguzi wa hapa hapa, kiongozi wa kwaya huko Kadutu. Kijana hapana, mutu mukubwa, mashati ya kupigwa pasi mpaka yanasimama. Yeye alijivunia sikio lake kama mimi ninavyojivunia nyumba zangu, na ninaheshimu mutu anayejivunia kitu. Alisema hata akiipa kwaya nzima mugongo, anajua ni maman gani ameshika sauti isiyo yake. Alisema mutu anayedanganya anasikika. Nilimuamini. Hapo ndipo msumari uliingia vibaya.

Chumba kilipomalizika, wa kwanza kuingia nilikuwa mimi. Nikafunga mulango, nikakaa kwenye kiti. Kwanza nilifurahi, maana sikusikia kitu cha nje, hata nyundo za watu wangu. Halafu meule ikanijia. Siwezi kusema ilianza, kwa sababu ilikuwepo siku zote. Ni mimi niliyenyang'anywa kelele za kuifunika. Ilijaa chumba chote. Nilitazama ukuta nikifikiri ukuta ndio unalia. Nikatoka.

“Iko muzuri?” docta akauliza.

“Iko kimya kama kaburi.”

“Na weye, Papa, si ulikuwa askari? Hutapimwa?”

“Mimi masikio yangu mazima. Nasikia mpaka wapangaji wakinisema vibaya mu vyumba vyao.”

Akanitazama kidogo, akaandika jambo lake.

Nilimfikiria rafiki yangu wa Miti mara moja. Kwake yeye, mambo yalikuwa mabaya kuliko yangu. Yangu ni sikio moja, yake ni yote mawili. Mulio wake anauita nyenje. Kama vile wale wadudu wote wa kwenye majani ya Kabare wamehamia kichwani mwake na wanaimba bila kupumzika. Ana nyumba nzuri juu ya kilima, ndani ya migomba, mahali ambapo jioni hakuna sauti hata ya mbwa. Na ndiyo sababu hakai huko. Alishuka barabarani akaomba kazi kwenye mashini ya kusaga muhogo, analala hapo hapo kwenye mifuko, kwa sababu mashini inafunika nyenje, na ikizimwa kuna malori ya Kavumu. Muke wake alibaki juu peke yake. Kumusikia muke wake hawezi, mpaka apigiwe kelele, na yule mama ni mutu wa sauti ya chini tangu tulipomujua.

“Mume wangu ameoa mashini,” aliniambia muke huyo. “Mimi ninasema polepole, ile inasema kwa nguvu. Nani atashinda?”

“Maman, nimekuja kuivunja ile ndoa,” nikamuambia.

Docta alikuwa amenieleza. Wale watakaopimwa, na ambao masikio yao yanafaa, watapewa kifaa kidogo cha kuvaa nyuma ya sikio. Kinapandisha sauti za watu, na chini yake kinaweka kelele laini, kama mvua ndogo, ya kulaza ule mulio. Huo ndio uchunguzi wenyewe: kuona kama ile mvua inawapa askari wa zamani nafuu. Nilikwenda Miti nikasimama mbele ya rafiki yangu, maana yeye anasoma midomo, nikapiga kelele juu ya mashini.

“Mvua?” akauliza.

“Mvua ndogo. Ndani ya sikio. Na batu utabasikia.”

“Nitaweza kulala nyumbani?”

“Utalala nyumbani.”

Alipangusa unga usoni akanitazama muda murefu, kama alivyokuwa ananitazama zamani akingoja nimuoneshe kama sahani imekaa sawa. Nikamuonesha kwa mukono: piga. Akacheka.

Siku ya kupimwa alikuja na shati jeupe. Muke wake alilipiga pasi ya makaa, na kabla hatujaondoka alitoa magodoro nje juani, yote mawili, la kwake na la mumewe. Nililiona hilo, rafiki yangu pia aliliona.

Kwenye baraza yangu ya Muhumba askari wa zamani walikuwa wamekaa kwenye mabenchi, kila mumoja anasema kwa sauti ya kuamsha mutaa, na hakuna anayemusikia mwenzake. Wanajuana, wanachokozana.

“Mortie ameingia, fungeni madirisha.”

“Huyu alikuwa anakohoa tu, adui wanakimbia.”

Rafiki yangu aliona nyuso zinamutazama, akapiga saluti. Docta asubuhi ile alikuwa hospitali. Infirmie ndiye aliyemupokea, akamuvalisha ile kaske ya kusikilizia, akamuelekeza polepole, uso kwa uso. Maneno yake nayakumbuka, kwa sababu ndiyo yaliyomuangusha.

“Papa, ukisikia mulio, inua mukono. Mulio ukiisha, shusha. Hata uwe mudogo namna gani, inua.”

“Ndiyo, chef,” akajibu rafiki yangu.

Mulango ukafungwa. Mimi nilisimama nyuma ya infirmie nikatazama kwenye kidirisha. Rafiki yangu alikaa wima. Alifungua mudomo. Infirmie akacheka, akidhani anapiga miayo, lakini mimi sikucheka. Nilijua anangoja kombora. Kisha mukono ukapanda. Infirmie alikuwa bado hajagusa kitu.

Akangoja ushuke. Haukushuka. Akatuma mulio, akaukata, akatuma mwingine. Mukono uko juu tu. Nikaona jasho kwenye paji la uso wa rafiki yangu, na macho yake yanatazama kuta zangu kama nilivyozitazama mimi. Mukono ukaanza kuchoka, akaushikilia kwa mukono wa pili ili usianguke.

Infirmie akaenda kufungua mulango. Baraza nzima ikageuka.

“Papa, mashini nimeizima. Unainua mukono kwa nini?”

“Niko nasikia.”

“Unasikia nini?”

“Ile ulisema. Mulio.”

“Hakuna mulio, Papa. Nimezima.”

“Uko, chef. Uko mukubwa.”

Mumoja barazani akaanza kucheka, na wengine, ambao hawakusikia neno, wakacheka kwa sababu mwenzao amecheka. Infirmie alivuta shati lake likasimama vizuri. Akasema, kwa sauti ya kuwafanya wote wasikie, kwamba hapa si mahali pa misaada, hatugawi sabuni, hatugawi mafuta, na anayedanganya mashini inamujua.

“Mwache apate sabuni,” mutu akasema. “Huoni ana unga mpaka shingoni?”

Rafiki yangu hakuyasikia yale maneno. Lakini kucheka kunaonekana. Alisimama pale mulangoni, shati limelowa, mudomo wake bado wazi. Akanitafuta kwa macho. Akanionesha ile ishara ya mwisho, kiganja wazi mbele ya kifua: simama. Akashuka ngazi zangu akapanda pikipiki ya kwanza iliyopita. Niliita. Kumuita mutu kama yule kwa mugongo ni kazi bure.

“Huyu hafai,” infirmie akaniambia. “Ningemuweka, angeharibu kazi ya wote.”

Nilikasirika, na nikikasirika ninasema kama nilivyo. Nilimuambia, weye kiongozi wa kwaya, nyumba hii ni yangu, chumba ni changu, niweke mimi ndani. Nitakuonesha namna mutu mwenye akili anavyopimwa, halafu utamufuata yule na kumupima tena taratibu. Akaogopa kukataa. Nikaingia, nikavaa kaske, mulango ukafungwa.

Mulio wa kwanza niliusikia vizuri, upande wa kulia, nikainua mukono kama mwalimu. Wa pili pia. Kisha akahamia kushoto, na hapo nikapotea. Mulio wa mashini na meule yangu ni ndugu wa tumbo moja. Unaingia ndani yake kama maji ndani ya maji. Nilisikia, nikainua. Nikajiuliza, nasikia nini? Nikangoja uishe ili nishushe. Haukuisha. Nilimuona infirmie kwenye kidirisha ananyanyua mikono yake yote miwili juu, mbali na mashini, ili nione hagusi kitu, na mukono wangu mimi, mwenye nyumba, uko hewani.

Alipofungua mulango hakuna aliyecheka. Mutu hamucheki mwenye nyumba.

“Papa,” akasema chini chini, “hata weye?”

Docta alikuwa ameingia wakati huo, na mkoba wake begani. Alisimama akaangalia mukono wangu, ambao sijui kwa nini nilikuwa sijaushusha. Mimi si mutu wa kutafuta sabuni, kila mutu anajua hilo. Alikaa kwenye ukingo wa mulango akaniuliza ule mulio ukoje. Na mimi, mbele ya benchi zote zile, mbele ya mupangaji mumoja aliyekuwa anapita na ndoo, nikasema. Meule. Upande wa kushoto. Tangu Sange.

Docta akainuka. Kisha akamuuliza infirmie maneno gani anawaambia watu kabla ya kufunga mulango. Infirmie akarudia: ukisikia mulio, inua mukono.

“Nao wanasikia mulio tangu vita,” docta akasema. “Umewaambia wainue, wakainua. Wametii.”

Infirmie akakaa chini. Docta hakumufokea. Alisema kosa la kwanza ni lake mwenyewe, maana jambo hili lilijulikana kwenye masomo, na alikuwa ameacha mashini itoe mulio wa kunyooka kwa sababu ndivyo walivyokubaliana na wale wa Ulaya. Akageuza kitu nyuma ya mashini. Sasa mulio ukawa wa kudunda, ti-ti-ti, kama kifaranga. Nikarudi ndani. Meule haidundi. Safari hii nilijua ipi ni yangu na upi ni wao, na mukono wangu ulipanda na kushuka kama wa mutu mwenye akili.

Siku zilizofuata waliwaita tena wale wote waliokuwa wameitwa waongo. Karibu wote walikuwa watu wa mizinga. Docta alijifunza kuwatambua kwenye kidirisha: wakikaa tu, wanafungua mudomo. Walipimwa, wakaandikwa, wakapewa vifaa. Alibaki mumoja.

Tulikwenda Miti kwa jipu yao, docta, infirmie na mimi. Rafiki yangu alikuwa anamimina muhogo kwenye mashini, mweupe kichwa mpaka miguu. Infirmie, na hapa nitamupa haki yake, alishuka wa kwanza akasimama mbele yake kuomba musamaha. Lakini mashini ilikuwa inasaga, ikabidi aombe kwa kupiga kelele. Papa, nilikosa. Papa, nilikosa. Mutu akikupigia kelele usoni namna ile, hata akisema samahani, unaona mutu anayekupigia kelele usoni. Docta akamupungia mwenye mashini aizime.

Ikazimwa. Nikaona uso wa rafiki yangu ukibadilika, kama mutu aliyevuliwa nguo barazani. Hakungoja docta afungue mudomo. Alikwenda mwenyewe, akavuta kamba, akaiwasha tena. Kisha akarudi akasimama karibu nasi.

“Docta,” akasema, na yeye akisema hajui sauti yake ni kubwa namna gani, “ile chumba siingii tena. Vitani niliogopa vitu vingi. Lakini vilikuwa nje.”

“Tumebadilisha mulio, Papa. Ni dakika chache.”

“Sikia. Mulio wenu sina shida nao. Kile chumba, nani alikijenga?”

Docta akanitazama. Mimi nikatazama mashini.

Niliwauliza kama wanaweza kumupima hapo hapo, au nyumbani kwake, au ndani ya jipu vioo vimefungwa. Docta alisema bila kimya cha kweli hawezi kujua sikio limebaki na nini, na bila kujua hilo kile kifaa hakiwezi kutengenezwa, na wale wa Ulaya hawatamukubali. Aliyasema kama mutu anayemeza dawa chungu. Muke wa rafiki yangu alishuka kutoka kilimani, alikuwa ameona jipu. Alimushika mumewe mukono, akamuonesha barabara ya Bukavu. Alimuonesha mara nyingi. Yeye alitikisa kichwa akarudi kwa muhogo wake.

Nilimukasirikia, na sijamaliza kumukasirikia. Kucheka kwa watu, nimechekwa mimi zaidi, nikibeba mbao za watu waliosoma. Mutu anameza, anaendelea. Muke ametoa magodoro juani, na mwanaume mwenye mikono kama ile anashindwa kukaa kwenye kiti dakika chache. Ndivyo nilivyosema njiani tukirudi, na infirmie aliitika, na docta hakuitika. Alikuwa amekaa mbele, anatazama kwenye kioo. Baadaye sana akasema, “Papa, weye ulikaa ndani mara ngapi, kwa hiari yako, bila mutu wa kukutazama?” Nikashusha kioo, kelele za barabara ziingie. Yeye mwenyewe alijua.

Wapimaji walimaliza, wakafunga mashini yao, wakaenda kuandika walichokipata. Docta aliniambia Muhumba imo ndani ya kazi yao, na mbao zangu, na pumba zangu, ingawa bila jina. Na mimi nimo, sikio la kushoto na la kulia. Kama kuna wakubwa huko watakaosoma askari wa mortie wa Kivu wanasikia nini, watasoma habari ya wale waliovumilia chumba. Yule ambaye vita vilimuingia kabisa, hata akashindwa kukaa navyo peke yake, hayumo. Sijui hiyo ni sayansi gani. Mimi ni mutu wa la tatu. Lakini nikijenga ukuta, ninapima kwanza pale udongo unapokimbia zaidi.

Kifaa walinipa. Kiko nyuma ya sikio langu sasa hivi ninavyoandika, na mvua yake inanyesha, na meule imekuwa kama fundi wa mutaa wa pili. Betri zake Bukavu hazipo. Docta aliniachia chache, na zikiisha sijui. Wapangaji wanasema nimevaa simu ndogo ya kusikiliza siri zao. Nawaacha waamini.

Nilikipeleka Miti. Docta alikuwa ameniambia kifaa kinakatwa kwa sikio la mutu mumoja kama ufunguo kwa kufuli yake, lakini mimi nimefungua kufuli nyingi kwa funguo zisizo zake. Nilimuvuta rafiki yangu kando ya mashini, nikamuvalisha. Alisikiliza, ameinamisha kichwa, mudomo wazi. Nikaona macho yanatafuta. Kisha akakivua taratibu kwa vile vidole vikubwa, akapuliza unga, akanirudishia.

“Iyi ni mvua yako,” akasema. “Kwangu haifike.”

Nilikuwa ndiyo nimekirudisha sikioni wakati muke wake alipopita na kikapu chake, anatoka soko. Alisimama upande wa pili wa barabara. Zamani nisingesikia kitu, na mashini inasaga na lori linapanda. Sasa nilisikia, sauti yake ile ya chini, wazi kabisa, kama amesimama begani kwangu.

“Mumuambie magodoro nimeyarudisha ndani,” akasema. “Mumuambie moja nimemupa dada yangu.”

Rafiki yangu aliona midomo yake lakini barabara ilikuwa pana, na lori likapita katikati. Akanigeukia. Aliuliza kwa mukono, kama zamani nyuma ya bomba: amri gani? Nikafikiri. Mbele, nyuma, kushoto, kulia, piga, simama. Hatukuwahi kufundishwa nyingine. Muke alikuwa ameshaanza kupanda kilima.

Nikanyoosha kiganja wazi mbele ya kifua. Simama.

Akaitika, kama askari muzuri, akarudi kumimina muhogo.